Siku Waliyohesabu Baraza

Sulaimani alikaa miaka ishirini na sita mahali pamoja, kwenye baraza la Nyumba Ndefu katikati ya mji wa Arua, karibu na mpaka wa Kongo, mbele ya duka la vitambaa nililokuwa karani wake. Cherehani yake ilikuwa ya kwanza ukitokea upande wa steji ya boda boda. Baada yake zilifuata nyingine kumi, kwa mstari, hadi kwenye kona ya duka la betri. Miguu ya cherehani ilikuwa imechimba saruji, na kila fundi alijua vishimo vyake. Hiyo ndiyo ilikuwa hati yao ya mahali. Karatasi hawakuwa nayo.

Kazi ilikwenda hivi: mteja aliingia dukani akachagua kitenge, nikampimia na kumkatia, akatoka nje na kitambaa mkononi, na hapo hapo akakutana na mafundi. Hakutembea hata hatua kumi. Wanawake wa Vurra, pale mpakani, na wa ng'ambo yake walileta kazi asubuhi wakaondoka na nguo zao jioni. Katikati walikaa kwenye ngazi mbili za baraza wakila mihogo ya kuchemsha na kusemana vibaya.

Sulaimani alikuwa mtu wa Koboko, mtoto wa sajini wa jeshi la zamani. Watu walimwita Sajini, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kushika bunduki. Mwaka 1980, akiwa na miaka tisa, familia yake ilikimbilia Kongo kwa miguu, ikikwepa kisasi dhidi ya askari wa jeshi lile, na njiani akavunjika mguu wa kulia. Aliyemfunga hakuwa daktari. Mguu ulipona ukiwa umepinda chini ya goti. Alikanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake, na ngazi zaidi ya tatu hakuziweza bila kushikwa. Walikaa ukimbizini miaka sita karibu na Aru, upande wa Kongo, kwenye uwanja wa fundi mmoja aliyewapa kibanda na kumfundisha yeye kushona. Nilimsikia akisema mara nyingi kwamba fundi yule hakuwauliza karatasi hata siku moja.

Baraza lilikuwa na sheria chache. Fundi hamwiti mteja anayeelekea kwa mwenzake. Mgeni huchemsha chai, na hakai kikaoni mpaka atimize miaka mitatu. Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya msiba. Mmoja akifiwa na mzazi, mume, mke au mtoto, cherehani zote hufungwa na wote huenda kuzika, hata kama ni mbali. Tulikwenda Maracha, tukaenda Yumbe, mara moja tulifika mji wa Moyo. Mwenye duka aliniruhusu kuwafuata, kwa kuwa bila mafundi nje hakukuwa na biashara ndani.

Tarehe 3 Februari 2022, siku ya Alhamisi, alikuja Adrabo, msimamizi wa jengo. Mwenye jengo alikuwa anakaa Kampala, na mafundi hawakuwahi kumwona. Adrabo alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi.

"Iko na habari mbili," alisema. "Ya kwanza, nyumba hii itaanguka. Tajiri anajenga plaza ya ghorofa nne, na manispaa nao wanaleta lami na mitaro. Ya pili, chini, upande wa nyuma, iko vyumba kumi na mbili ya mafundi. Lakini iko ya wale watakutwa kazini. Ndani ya mwezi huu watu watakuja na karatasi kuhesabu. Mwenye hajaandikwa, hana."

"Chini?" Sulaimani aliuliza.

"Chini."

"Chini kabisa, hakuna ngazi?"

"Mzee, hakuna ngazi."

"Chini ile ya—"

"Sajini!" Concy alidakia. Alikaa cherehani ya tatu, mwanamke wa Ombaci mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. "Mutu anakuambia chini. Unataka akuchimbie shimo?"

Watu walicheka, na Sulaimani naye akacheka. Lakini nilimwona siku ile nzima akiangalia mguu wake kila aliposimama. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Bila chumba cha chini asingekuwa na mahali pa kushonea mjini. Juu hawezi kupanda, na barabarani manispaa ilikuwa inaondoa kila mwenye meza.

Jioni walifanya kikao kifupi. Walikubaliana kwamba mwezi ule hakuna atakayechelewa kazini, hakuna atakayefunga mapema, na karatasi zikija kila mtu ataje jina lake lote. Gaspard wa cherehani ya mwisho, aliyekuwa mgeni, alikuwa nyuma akichemsha chai. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, fundi mzuri wa suti, aliyevuka kutoka upande wa Kongo miaka miwili kabla. Alileta chai, akagawa vikombe, akarudi nyuma. Hakuna aliyemweleza kikao kilikuwa cha nini. Haikuwa dharau, ndivyo desturi ilivyokuwa.

Tarehe 15, Jumanne, simu ya Agnes Keji ililia saa nne asubuhi. Agnes alikaa cherehani ya pili, karibu na Sulaimani, mtu wa Koboko kama yeye, mjane mwenye watoto watatu. Alisikiliza, akaweka simu juu ya kitambaa alichokuwa anashona, akaendelea kukanyaga cherehani mpaka uzi ukaisha. Ndipo akasema, "Mama yangu ameenda."

Mazishi yalikuwa Alhamisi, Midia, nje ya Koboko. Agnes aliondoka siku ile ile. Waliobaki wakatazamana.

"Na wale watu ya karatasi?" Concy aliuliza. "Wakikuja Alhamisi?"

"Mwezi iko na siku ishirini na nane," Sulaimani alisema. "Sisi tunaomba moja na nusu."

"Mimi nauliza tu."

"Umeuliza. Ile siku mume yako alikufa, tulikuwa na sare mia mbili ya shule. Tulifunga ama hatukufunga?"

Concy alishusha macho. "Mulifunga."

"Basi. Mama ya Keji hawezi kungoja karatasi."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Sulaimani ndiye mkubwa wa baraza, na neno lake lilikuwa la mwisho. Gaspard hakuweza kwenda, kwa sababu barabara ya Koboko ilikuwa na vizuizi viwili vya askari na yeye hakuwa na kitambulisho. Sulaimani alimwachia cherehani zote.

"Linda hizi kitu," alimwambia. "Mutu asiguse."

"Ndiyo, Mzee. Hata mutu moja."

Tulikwenda watu kumi kwa lori dogo. Agnes alikuwa ndani ya nyumba na wanawake. Aliposikia lori likizima alitoka mlangoni, akatuhesabu kwa macho tulivyokuwa tunashuka, wa kwanza mpaka wa mwisho, akamwangukia Concy shingoni. "Mama yangu anazikwa na watu," alisema. Alilirudia neno hilo jioni ile kwa kila jirani, akituonyesha kwa kidole. Kwao, mtoto wa kike aliyekwenda kutafuta riziki mjini hupimwa kwa watu wanaomfuata nyumbani siku ya msiba. Majirani walikuwa wamesema Agnes hana mtu huko Arua.

Ijumaa asubuhi mimi na Sulaimani tulitangulia kurudi kwa gari dogo, kwa sababu mguu ulimuuma kwenye lori. Tulimkuta Gaspard amefagia baraza lote. Cherehani zilikuwa mahali pake, zimefutwa mafuta. Alikuwa na furaha iliyomshinda.

"Mzee, karibu! Jana batu balikuja."

"Watu gani?"

"Ya makaratasi. Walianzia kule chini, kwa maduka ya simu. Niliwaona mapema sana. Kwetu, mutu akiona batu ya kuandika, hangoji. Wanaandika leo, kesho wanakuja wengine, wanakuambia wewe uliandikwa iko na cherehani, toa hii, toa ile. Nilibeba cherehani zote, moja moja, nikaficha nyuma, kule choo iko, nikafunika na magunia. Mgongo inauma mpaka sasa." Alicheka. "Walipofika hapa nilikuwa nimekaa tu, mikono mitupu. Wakauliza, mafundi iko wapi? Nikasema hakuna mafundi hapa, walishahama zamani. Hawakuandika hata mutu moja. Niliwaokoa yote!"

Sulaimani alikaa kwenye kiti chake polepole. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Gaspard, ambaye bado alikuwa anangoja kusifiwa.

"Ulisema walihama?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umefanya kazi ngumu," Sulaimani alisema. "Enda upumzike. Na hii maneno usimwambie mutu mwingine. Hata Concy."

Gaspard alikwenda. Sulaimani alibaki ameshika gurudumu la cherehani bila kulizungusha. Aliniambia, "Karani, mimi ndiye sikumwambia. Tulimpa chai abebe, hatukumpa habari."

Jumatatu, tarehe 21, nilimsindikiza kwa Adrabo. Ofisi yake ilikuwa kontena nyuma ya jengo. Nilikuwa nimemwandikia barua, na majina kumi na moja chini yake. Adrabo aliisoma mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amechoka.

"Mzee Sulaimani, mimi nawajua. Nimeshonesha kwenu suruali hii. Lakini karatasi ya wale wahesabuji inasema baraza ilikuwa tupu, na mutu mwenye alikutwa pale amesema mafundi walihama. Tangu Ijumaa nimepata watu thelathini wanasema walikuwa mafundi ya baraza. Thelathini! Iko mmoja anauza kuku."

"Sasa?"

"Iko njia moja. Yule mutu aliyesema walihama, aje hapa. Aseme alidanganya, aweke sahihi na namba ya kitambulisho. Nitampelekea tajiri Kampala. Tajiri ni mutu ya karatasi, atasikia karatasi. Nakupa mpaka kesho kutwa."

Tulitoka. Mbele ya kontena mafundi wa barabara walikuwa wanapima kwa kamba mahali mtaro utakapopita, na Sulaimani aliisubiri kamba iinuliwe ndipo apite. Nilimwambia kwamba jambo lilikuwa rahisi, Gaspard aje aseme.

"Namba ya kitambulisho atatoa wapi?"

"Labda wataelewa."

"Wataelewa nini? Mutu ya Kongo, hana karatasi, amedanganya watu ya tajiri. Watamwita askari kabla ya kumaliza kuandika. Wiki hii hii atakuwa Vurra, ng'ambo ya kamba ya mpaka." Alitembea hatua chache. "Na kule alikimbia kitu. Hakuniambia ni nini, na mimi sikumuuliza."

"Na wewe, Sajini? Na wale wengine tisa?"

Jumatano alikwenda mwenyewe kontenani. Alimwambia Adrabo kwamba yule mtu hamjui, labda alikuwa mpita njia.

Orodha ilibandikwa mlangoni tarehe 7 Machi. Mwenye duka langu alikuwemo, wa betri alikuwemo, hata mama wa maji ya chupa alikuwemo. Kwenye mstari wa baraza la mbele waliandika: hakuna aliyekutwa. Concy aliisoma mara mbili kwa sauti. Kisha akamgeukia Gaspard.

"Wewe ulikuwa hapa. Cherehani kumi na moja ilikuwa hapa. Walipita na macho gani?"

Gaspard alifungua mdomo. Sulaimani alimtangulia.

"Hakuwa hapa. Mimi nilimwambia aweke cherehani nyuma, kule choo iko, afunge, aende alale kwake. Niliogopa wezi."

Concy aliacha orodha, akamgeukia yeye.

"Wewe?" Concy alisema. "Wewe ndiye ulisema mutu asifunge mapema. Wewe ndiye ulimuuliza Adrabo chini, chini, chini, kama kasuku. Halafu ukafungia cherehani chooni?"

"Nilikosea."

"Sajini alitupeleka mazishini," Concy aliwaambia wote, "na sisi ndio tulizikwa."

Agnes Keji alikuwa amerudi kazini siku tatu tu, kichwa bado kimenyolewa. Aliinama akawa anaokota vipande vya nyuzi chini ya cherehani yake, kimoja kimoja, kama mtu aliyepoteza sindano. Concy hakuwa amemkusudia yeye. Lakini neno lilikuwa limetoka, na wengine walilishika. Kwa wiki zile za mwisho walisema "tangu yale mazishi" na "yale mazishi yametumaliza", hata mbele yake.

Concy na wengine walikwenda kwa Adrabo, wakaambiwa orodha imefungwa. Mwezi Aprili mabati ya buluu yalizunguka jengo. Siku hiyo ndipo Gaspard alipoelewa yote. Alimkuta Sulaimani nyuma ya duka, akifunga cherehani yake kwa kamba ili ibebwe, nami nilikuwa namshikia.

"Mzee, mimi ndiye. Niache niende kwa Adrabo, niseme."

"Kusema kitu gani?"

"Ukweli."

"Ukweli yako itafika Aru kabla ya jioni, na wewe pamoja nayo. Halafu? Mabati imeshasimama."

"Wanakutukana kwa sababu yangu."

"Matusi haivunji mguu. Shika upande huu, tuinue."

Mafundi walitawanyika. Concy aliweka cherehani chini ya turubai karibu na misheni ya Ombaci. Wawili walikwenda soko la pembeni ambako watu hupita siku ya gulio tu. Gaspard alipata kazi ya kupiga pasi katika nyumba moja ya kufulia nguo, chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Agnes aliuza cherehani. Alianza kupika chai na chapati kwa wajenzi wa plaza, upande wa pili wa mabati, na wajenzi walipomaliza akafukuzwa pale pia. Sulaimani alijaribu mahali patatu. Mara mbili aliondolewa na mitaro, mara ya tatu na watu wa manispaa. Desemba alirudi Koboko.

Plaza ilifunguliwa Machi 2024. Ina vioo mbele, vigae vinavyoteleza mvua ikinyesha, na mlinzi anayepitisha kifaa juu ya mifuko ya watu. Barabara ina lami na taa. Steji ya boda boda imesukumwa mpaka karibu na kituo cha mafuta. Miti miwili iliyokuwa inatupa kivuli ilikatwa kupisha mtaro. Mahali pa baraza pamekuwa maegesho ya magari manne. Vile vyumba kumi na viwili vya chini, nyuma, vilikosa waliohesabiwa wa kutosha, na vingi wakapewa wauza simu. Tajiri aliweka fundi mmoja mwenye cherehani za umeme, ghorofa ya tatu. Wateja wetu wa Vurra walinunua kitenge, wakasimama mlangoni na kitambaa mkononi, wakatazama kulia na kushoto. "Mafundi iko wapi?" waliuliza. Niliwaonyesha juu. Wengi waliangalia ngazi, wakakunja kitambaa, wakaenda nacho. Siku hizi duka letu linauza zaidi nguo zilizoshonwa tayari.

Nilikuwa nakutana na Agnes barabarani. Alikuwa amekonda. Alinisalimia akiangalia pembeni. Wakati mmoja nilimuuliza kama wamemaliza matanga ya mama yake. Kwao, baada ya mwaka mmoja au miwili, waliozika huitwa tena, hula pamoja, na ndipo msiba huondoka nyumbani.

"Nitawaita nani, Karani?" alisema. "Nimwite Concy aje kula kwenye kaburi lililomfukuza mjini?" Kisha akasema kwamba hajakanyaga Midia tangu siku ile. Kaka zake walikuwa wamemkasirikia, na majani yalikuwa yamemea juu ya kaburi.

Nilijua neno moja ambalo lingemwinua. Lakini nilikuwa nimemwahidi Sulaimani kwamba sitalisema, na Gaspard alikuwa bado kwenye kile chumba cha pasi, mita mia tatu kutoka pale tuliposimama. Nilimuaga Agnes nikaenda zangu.

Agosti mwaka ule Gaspard alikuja dukani kuaga. Baba yake alikuwa mgonjwa na kwao kulikuwa kumetulia kidogo. Alivuka Vurra siku iliyofuata, na baada ya wiki mbili alipiga simu kusema hatarudi, amepata mahali pa kushonea kwao. Nilimpelekea Sulaimani habari hiyo mwenyewe. Hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 7 Septemba.

Alikuwa anashona kando ya soko la Koboko, chini ya bati moja lililoegemea ukuta. Kazi yake ilikuwa kaptula za shule na viraka. Nilipomaliza kumweleza aliitikia kwa kichwa. "Sasa hawezi kuguswa," alisema. "Mwite Keji. Mwambie aje, niko na neno."

Agnes alikuja wiki iliyofuata, nami nilifuatana naye. Njiani hakuniuliza ameitiwa nini. Walisalimiana kwa heshima, wakaulizana habari za watoto. Alikaa juu ya debe lililogeuzwa. Sulaimani alisimulia yote bila kuruka kitu: chai, kikao, magunia, kontena, sahihi ambayo haikuwekwa. Hakujitetea.

"Kwa hiyo si mazishi," alisema mwishoni. "Hata tukiwa mazishini, Gaspard angejua, angewaonyesha cherehani, angetaja majina yetu. Aliona karatasi akaficha, kwa sababu hakuna mutu alimwambia. Kosa iko yangu. Mama yako hakufukuza mutu."

Mwanamke mmoja alileta kaptula ya mwanawe, akaona nyuso zetu, akaiweka mezani na kuondoka.

"Ulijua siku ile ile?" Agnes aliuliza.

"Ijumaa ile."

"Nikiwa bado Midia."

"Ndiyo."

Alinigeukia mimi. "Na wewe, Karani?"

"Nilijua."

"Miaka mbili na nusu," alisema. Hakupaza sauti. "Ulikaa cherehani ya kwanza, mimi ya pili. Ulinisikia nikilia nyuma ya duka. Ulinisalimia kila asubuhi, Keji umeamkaje, Keji watoto iko aje."

"Yule mutu hakuwa na karatasi, Keji. Wangempeleka."

"Najua. Ulimficha vizuri." Alifuta mikono kwenye kitenge chake ingawa haikuwa na kitu. "Na mimi ulinificha wapi? Ungeniambia mimi peke yangu. Unafikiri ningemuuza? Mimi?"

Sulaimani alijaribu kuinuka, akashika meza. "Niliogopa utamwambia Concy. Ungetaka kusafisha jina la mama yako. Mutu yeyote angetaka."

"Kwa hiyo uliniwekea mzigo, kwa sababu mimi nilikuwa na karatasi."

Agnes aliinuka, akavuka barabara mpaka kwa boda boda, akazungumza na dereva, akapanda. Sulaimani hakuweza kuona kutoka pale alipokuwa.

"Ameenda upande gani?" aliniuliza.

"Upande wa Midia."

Alikaa tena. Aliichukua ile kaptula iliyoachwa mezani, akaigeuza ndani nje, akatafuta mahali ilipochanika.

Matanga yalimalizwa Januari. Agnes alikwenda kwa kila mtu wa baraza, mmoja mmoja, akawaeleza jinsi mambo yalivyokuwa. Concy alilia akamwomba msamaha, akashona sare za kitenge cha rangi ya kahawia kwa wote bila kupokea kitu. Mimi niliitwa pia. Nadhani niliitwa kwa sababu nilikuwa nimezika nao, na si mimi niliyekuwa mkubwa wa baraza, mwenye neno la mwisho. Kaburi lilikuwa limesakafiwa kwa saruji. Kaka yake Agnes alisoma majina ya watu wa Arua waliokuja kuzika siku ile ya Februari, na kila aliyetajwa alisimama. Alisoma majina tisa. La Sulaimani halikuwemo.

Kutoka Midia hadi soko la Koboko ni mwendo mfupi kwa pikipiki. Hakuna aliyemwita Sulaimani. Alipata habari siku mbili kabla, kwa mteja, mzee mmoja jirani wa kina Agnes, aliyeleta suruali yake nyeusi ifupishwe kwa ajili ya matanga na kusema anaihitaji kabla ya Jumamosi.

Sulaimani alimpima, akaweka alama kwa chaki, akamwambia aje kuichukua Ijumaa baada ya swala.